Waliojenga Piramidi na Ujuzi Waliokwenda Nao

Somo letu la toleo hili linatupeleka Misri, kwenye piramidi za Giza. Ukiuliza watu ni nani aliyezijenga, majibu huwa mengi. Wengine watasema ni Waisraeli walipokuwa watumwa. Wengine watasema ni majitu au majini, kwa maana eti binadamu wa kawaida hangeweza. Siku hizi wapo hata wanaosema ni viumbe kutoka nyota nyingine! Majibu haya yote yana kosa moja: yanawanyang'anya wenye kazi jasho lao.

Tuchukue lile la Waisraeli, kwa sababu ndilo tunalolisikia sana hata kanisani. Kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, kinataja miji ya akiba, Pithomu na Ramesesi, na kazi yenyewe ilikuwa ya udongo na matofali. Piramidi hazitajwi. Tena piramidi kubwa ya mfalme Khufu ilijengwa karibu mwaka 2560 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Musa. Basi hilo tuliweke kando.

Piramidi hiyo ilipokamilika ilikuwa na urefu wa mita 146 kwenda juu, na kila upande wa msingi una mita 230 hivi. Mawe yake yanakadiriwa kuwa milioni 2.3. Ukigawanya kazi hiyo kwa miaka 20, unapata mawe zaidi ya 300 kila siku, bila kupumzika hata siku moja. Na fundi hakuwa na patasi ya chuma. Alikuwa na ya shaba, na shaba huisha makali upesi, kwa hiyo mawe magumu waliyaponda kwa mawe mengine magumu zaidi. Pamoja na hayo, msingi umesawazishwa hivi kwamba kutoka pembe moja hadi nyingine tofauti ya kimo ni sentimita 2 hivi tu. Wajenzi wetu wa madarasa wanajua hilo si mchezo, hata mwenye pima maji mkononi.

Ujuzi huu haukuanguka kutoka mbinguni. Piramidi ya kwanza, ile ya ngazi ya mfalme Djoser, ilitangulia kwa miaka mia moja hivi. Baadaye Sneferu, baba yake Khufu, alijenga moja pale Dahshur kwa mteremko mkali mno. Jengo likaanza kupasuka kabla ya kwisha, na mafundi wakapunguza mteremko katikati ya kazi. Mpaka leo unaiona imepinda kama mtu aliyechoka. Ile iliyofuata waliijenga kwa mteremko wa chini tangu mwanzo, nayo ikasimama vizuri. Khufu alirithi mafundi waliokuwa wameona makosa kwa macho yao.

Walipangwaje kazini? Hapa ndipo sisi wa vikundi tunapotega masikio. Watu waligawanywa katika makundi makubwa, na kila kundi likagawanywa katika vikundi vidogo vya watu 40 hivi. Makundi yalikuwa na majina, nao waliyaandika kwa rangi nyekundu juu ya mawe, mahali ambapo mfalme hangeona kamwe. Kundi moja lilijiita Marafiki wa Khufu. Jingine, la wakati wa mfalme Menkaure, lilijiita Walevi wa Menkaure. (Hatupendekezi jina hilo kwa kikundi chochote kinachotaka kusajiliwa.)

Mwaka 2013, wachimbuzi wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walipata karatasi za mafunjo pale Wadi al-Jarf, kando ya Bahari ya Shamu. Ndizo karatasi za mafunjo zenye maandishi zilizo za zamani kuliko zote zinazojulikana. Mojawapo ni daftari la msimamizi aitwaye Merer, aliyekuwa na watu kama 40 na mashua. Kila siku ameandika: leo tumepakia mawe ya chokaa Tura, leo tumesafiri kwa maji, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Katika siku 10 walikwenda na kurudi mara 2 au 3. Chakula walicholetewa nacho kimeandikwa. Ni daftari kama la karani wa kikundi chochote chenye nidhamu.

Karibu na piramidi umechimbuliwa pia mji wa wafanyakazi, wenye viwanda vya kuoka mikate na mifupa mingi sana ya ng'ombe, kondoo na mbuzi waliochinjwa. Makaburi yao yaligunduliwa mwaka 1990. Mifupa inaonyesha watu waliobeba mizigo mizito mpaka migongo ikaharibika, lakini pia mikono iliyovunjika ikafungwa vizuri na kupona. Hatusemi kila mtu alikwenda kwa hiari. Mfalme alikuwa mfalme, na akiita watu kazini, nani angekataa? Lakini walilishwa, walitibiwa, na walizikwa kwa heshima kando ya kazi yao. Mtumwa wa kutupwa hapewi kaburi mlangoni kwa mfalme.

Sasa tufike kwenye ujuzi uliopotea. Merer ameandika safari, mawe na mikate. Hajaandika hata neno moja jinsi jiwe lilivyopandishwa juu. Kwa nini aandike? Kila mtu aliyemzunguka alijua! Karani huandika kile ambacho bosi atauliza. Kile ambacho mikono inajua hakiulizwi na mtu, na mikono ikizikwa, nacho kinazikwa.

Tazameni mfano huu. Katika kaburi la mkubwa mmoja aitwaye Djehutihotep, aliyeishi karibu mwaka 1850 kabla ya Kristo, ukutani kulichorwa sanamu kubwa sana ikivutwa na watu zaidi ya 170, ikiwa juu ya kigari cha mbao kisicho na magurudumu. Mbele ya kigari kile mtu mmoja amesimama akimwaga maji mchangani. Wataalamu waliitazama picha hiyo kwa miaka mingi, na wengi wakasema ni ibada, maji ya kutakasa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu wenyewe. Mchanga mkavu hujirundika mbele ya kigari na kukizuia. Ukiulowesha kwa kiasi sawasawa, unashikamana, na nguvu ya kuvuta inapungua karibu nusu. Ukizidisha maji, kazi inakuwa ngumu tena. Kwa hiyo yule mwenye mtungi ndiye aliyejua kipimo! Bila yeye pengine wangehitajika wavutaji mara mbili. Picha ilibaki, maana yake ikapotea kwa zaidi ya miaka 3,000, mpaka watu walipoacha kubishana wakashika mchanga.

Jambo la pili lilionekana mwaka 2018 huko Hatnub, kwenye machimbo ya mawe ya wakati wa Khufu. Kuna njia ya mteremko mkali, ngazi pande zote mbili, na mashimo ya nguzo kubwa. Inaonekana kamba zilizungushwa kwenye nguzo hizo, ili wengine wavute wakishuka huku jiwe linapanda. Kwa njia hiyo mteremko mkali kiasi kile ukawezekana. Lakini hapo ni machimboni. Pale Giza kwenyewe, kama njia ya kupandishia mawe ilinyooka, au ilizunguka piramidi kama njia ya mlimani, au vyote viwili, wataalamu wanabishana hadi leo. Vifusi vyake viliondolewa kazi ilipokwisha, kama sisi tunavyoondoa mbao za jukwaa baada ya kupiga plasta.

Na walivyopata kaskazini sawasawa, wakikosea kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii? Wengine wanasema kwa nyota, wengine kwa kivuli cha jua. Njia zote mbili zimejaribiwa siku hizi na zinafanya kazi. Ipi walitumia wao, walikwenda nayo.

Kwa mazungumzo ya kikundi: katika kijiji chenu ni nani anayejua kujenga ghala la miti lisiloingia panya, kupata maji kwa kuangalia mimea, au kuchoma matofali mpaka yaive bila kuivunja tanuri? Msiishie kwenye majina. Nendeni kwake siku ya kazi, mkiwa na karani, na muulize yale ambayo yeye mwenyewe anaona hayana haja ya kuelezwa: maji kiasi gani, udongo wa wapi, anajuaje kwamba imetosha. Kisha mmoja wenu afanye kwa mikono yake, huku mwenyewe akitazama na kumkosoa.