Bati la Sanduku la Kuoshea Dhahabu

Dhahabu ni nzito sana. Ukitwaa punje ya dhahabu na punje ya mchanga zilizo sawa kwa ukubwa, ya dhahabu yaipita ya mchanga zaidi ya mara 7 kwa uzito. Wachimbaji wengi waliokwenda Lupa, upande wa Chunya, baada ya dhahabu kuvumbuliwa huko mwaka 1922, walitegemea uzito huo. Sanduku la kuoshea ni mfereji ulioinama kidogo. Maji huuchukua mchanga, na dhahabu huzama nyuma ya vijiti vilivyokingamishwa, au katika nyuzi za gunia la katani lililotandikwa chini.

Mwaka mmoja mimi na wanafunzi wangu tulitengeneza sanduku letu hapa Mazimbu, tukalijaribu mtoni Ngerengere. Dhahabu hatukuwa nayo, tukatia gramu 20 za unga wa shaba uliopigwa tupa. Tulipokusanya, tulipata 13 tu. Gramu 7 zimekwenda wapi? Tulipindua sanduku, tukaona: nilikuwa nimeunga vipande vitatu vya bati kuukuu kwa misumari, na kila tundu lilikuwa mlango. Kosa lilikuwa langu. Kama ingalikuwa dhahabu, mtu angalipoteza theluthi ya kazi yake bila kujua.

Basi jambo la kwanza ni bati moja zima, likunjwe pande mbili, lisiungwe chini.

Je, liwe bati gani? Tufanye hesabu. Sanduku la urefu wa sentimeta 150, upana 30, na kuta za 20 kila upande, lataka bati la sentimeta 150 kwa 70. Likiwa la chuma, unene milimeta 1, lina uzito wa kilo 8 na kidogo. Likiwa la aluminiamu, halifiki kilo 3. Lakini aluminiamu ni laini, na mawe huibonyeza; afadhali milimeta 2, nayo bado ni chini ya kilo 6. Mwenye kupanda milima ya Uluguru na mzigo kichwani ataijua tofauti hiyo kabla ya kufika nusu ya njia.

Chuma kitupu ni rahisi kununua, ila hupata kutu. Magamba ya kutu huanguka katika gunia, yakakaa pamoja na mchanga mweusi ulio mzito, na kazi ya kuchambua huwa ndefu. Bati lililopakwa zinki hukawia kupata kutu, mpaka mawe yakwangue zinki. Kwa mwenye fedha chache, hilo latosha.

Aluminiamu ina adui mmoja, zebaki. Zebaki huitoboa upesi. Tena mvuke wake huharibu ubongo, hasa wa mtoto, hata kama haonji wala haoni kitu. Kwa hiyo isiletwe karibu na sanduku la bati lo lote.

Sanduku letu la pili lilikuwa la bati moja la zinki. Tulitia gramu 20, tukapata 19.