Nia Moja Mezani pa Bwana

Somo: Wafilipi 2:1–11, 4:2–3



Katika Ushirika Mtakatifu tunapeana mikono na kutakiana amani. Lakini na tujipime. Mara ngapi tumempa mkono wa kulia kwetu, tukampa na wa kushoto, kisha tukampita yule ambaye hatusemezani naye tangu kikao cha halmashauri, au tangu ugomvi wa kwaya? Halafu sote twapiga magoti mbele ya altare moja na kupokea mkate mmoja.

Jambo hili si geni. Katika Kanisa la Filipi walikuwako akina mama wawili, Euodia na Sintike. Hawakuwa wavivu wala Wakristo wa jina tu. Walikuwa wametaabika pamoja na Paulo katika kazi ya Injili. Hata hivyo walikosana. Sababu haikuandikwa. Labda ni vema hivyo, maana tungeijua tungeanza kuchagua upande. Paulo, akiwa kifungoni, hakuchagua upande: alimsihi kila mmoja kwa jina lake, akamwomba na mwenzake mmoja awasaidie.

1. Unyenyekevu. Kabla ya kuwataja wale wawili, katika sura ya pili Paulo aliwaonyesha Wafilipi nia ya Kristo, aliyejishusha hata akatwaa hali ya mtumwa, akatii mpaka msalabani. Basi mnyenyekevu hasubiri kufuatwa. Yeye ndiye abishaye hodi kwanza, hata kama anaona kwamba kosa lake ni dogo kuliko la mwenziwe. Lakini unyenyekevu si kuficha uovu. Kama fedha za Kanisa hazionekani, hesabu na iulizwe waziwazi, pasipo matusi.

2. Uvumilivu. Yakobo atufundisha kumtazama mkulima, ambaye hupanda kisha hungojea mvua (Yak. 5:7). Hafukui mbegu kila asubuhi ili aone kama imeota. Vivyo hivyo, tukiomba msamaha leo na mwenzetu asijibu, tusikate tamaa wala tusirudi kumsema. Moyo uliojeruhiwa una majira yake.

3. Umoja. Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Tukigombana sisi, ni nani afurahiye kama si adui wa roho zetu? Umoja si kuwa na mawazo sawa juu ya kila jambo. Ni kumtumikia Bwana mmoja hata tunapotofautiana.

Kanisa letu la Anglikana limelichukulia jambo hili kwa uzito tangu zamani. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chamwagiza kasisi asiwapokee Mezani watu wenye chuki kati yao mpaka wapatane. Tena chaongeza neno la faraja: ikiwa mmoja yu tayari kusamehe kwa moyo wote na kutengeneza alipokosa, na mwingine anakataa, yule aliye tayari apokewe. Hivyo tusiseme, “Mwenzangu hataki, basi nami nitakaa nyuma.” Tutaulizwa habari za moyo wetu, si za moyo wa jirani.

Tufanye nini, basi? Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu amtaje mtu mmoja mbele za Mungu, kisha aende kwake. Akiona vigumu kwenda peke yake, amwombe mzee wa Kanisa au mama wa Umoja wa Akina Mama aende naye, kama Paulo alivyomwomba yule mwenzake.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani
1. Kwa nini Paulo hakusema ni nani aliyekosa?
2. Ni nani tunayempita wakati wa kupeana amani?
3. Je, tumewahi kuwa wapatanishi, au wachochezi?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyewaosha miguu wanafunzi wako, utushushe tulipojiinua, utupe subira tunapongojea, utufanye kuwa wamoja mezani pako na njiani. Amina.