Hiace ya Mazutu: Usiinunue kwa Fedha Zote

Wadogo zangu wa Lwiro, Katana na Kavumu, leo tuongee habari za gari. Wengi wenu, hasa ninyi mnaoshusha kabichi na maharagwe soko la Kadutu mjini Bukavu, mnaniuliza jambo lile lile: zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, imefika, ninunue Hiace ya mazutu, yaani ya dizeli, iliyotumika? Nunua, mdogo wangu. Kusimama barabarani na magunia ukimbembeleza shoferi wa mtu si maisha. Ila usiinunue kwa fedha zote ulizo nazo. Bei anayokutajia muuzaji ni ya kulipata gari tu. Ya kulifanya litembee bado hujailipa.

Tuanze na joto, maana ndilo linaloua injini nyingi huku kwetu. Lwiro iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta, kile chenye springi na mpira, kwa sababu kinayabana yakae kwa shinikizo. Mpira ukichakaa, shinikizo linatoka. Sasa pakia watu, pakia magunia juu, anza kupanda vilima vya Bukavu kwa gia ya pili: maji yanachemka, na silinda hedi, ile mafundi wetu wanaita kulasi, inapinda au inapasuka. Injini za Hiace za aina ya 2L na 1KZ zinajulikana sana kwa ugonjwa huo. Kifuniko ni cha dola chache. Kulasi ni mamia ya dola, na hapo bado hujamlipa fundi, wala hujahesabu siku ambazo gari limelala garaji huku kabichi zako zinaoza.

Na msikubali dawa ya mkato. Kuna mafundi ambao gari likizidi joto wanang'oa themostati na kuitupa, wakisema maji yapite vizuri. Kwenye injini hizi hiyo ni hasara: sehemu ya maji ya moto hurudi ndani bila kupita kwenye rejeta kabisa. Weka mpya. Mwambie na shoferi wako kwamba gari likichemka azime na asubiri lipoe. Maji baridi ya mtoni yakimiminwa kwenye injini yenye moto, chuma kinaweza kupasuka hapo hapo.

Siku ya kwenda kuliona gari, fika alfajiri, tena bila kutoa taarifa. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele. Omba kiti kiinuliwe, weka mkono. Ikiwa tayari ina joto, uliza kwa nini imewashwa kabla hujafika, kwa sababu ubovu wa injini ya mazutu huonekana ikiwa baridi. Ikiwa baridi kweli, fungua kifuniko cha rejeta kwanza, ndipo iwashwe, na usimame utazame maji. Mapovu yakiendelea kupanda bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji: gasketi au kulasi imekwenda. Chomoa kijiti cha oili; ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaogoma kuisha hata injini ikishapata moto, usiupuuze.

Sasa injini yenyewe. Hiace za umbo lililoanza 1989 nyingi zina 2L, 3L au 5L. Hizo pampu yake ya mazutu ni ya chuma tupu, na fundi wa Kavumu anaifungua na kuifunga. Umbo lililofuata, la 2004, mara nyingi huja na D-4D, yaani 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3. Zina nguvu na hazili mazutu mengi, lakini zinataka mazutu safi. Ukinunua ya bidoni kwa Kadafi, muuza mafuta wa barabarani, maji kidogo tu yaliyomo yanaharibu injekta, na injekta moja mpya ya kweli ni mamia ya dola. Nazo ziko nne. Chini ya filta kuna kizibo cha kutolea maji: kifunguliwe mara kwa mara, hasa msimu wa mvua. Tena D-4D zina vipete vya shaba chini ya injekta. Vikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lake, injini inakosa oili, inakufa. Kwa njia zetu na mazutu yetu, mimi ningechukua 3L au 5L, hata kama inakwenda polepole.

Mkanda wa taimingi wa 2L, 3L na 5L hubadilishwa kila kilomita 100,000. Namba za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma kirahisi, kwa hiyo usizisome. Badilisha mkanda wiki ile ile uliyonunua. Klachi na breki zitakula fedha kwa sababu ya miteremko, hilo halina ujanja. Mlango pia uutazame: magari mengi yaliyotoka Japani yanafungukia kushoto, na sisi Kongo tunaendesha kulia, basi abiria wako wanashukia katikati ya barabara. Mtoto akishuka mbio hapo, hakuna breki itakayomwokoa. Kondakta ashuke kwanza, kila mara.

Kwa garaji, taka bei ya kipuri na bei ya kazi kila moja peke yake. Nendeni dukani pamoja na fundi, na kipuri cha zamani ukichukue mkononi. Kisha kila jioni toa dola 5 kwenye hesabu anayoleta shoferi. Kwa siku 25 za kazi ni dola 125 kwa mwezi, nazo ni za gari, si za harusi ya binamu.

Basi wewe mwenye dola 8,000 mkononi, tafuta gari la 6,000. Na muuzaji akikataa kukuonyesha injini ikiwa baridi, mshukuru, urudi nyumbani na fedha zako.