Nataka kulala gesti Mbeya, mama mkubwa yupo Uyole

Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, fundi cherehani hapa Iringa. Maisha yangu yote nimesafiri kwa msiba, harusi au kumpeleka mgonjwa. Sasa nimeweka akiba, nataka kwenda Mbeya peke yangu, begi mgongoni, siku tatu, nitembee tu kisha nirudi. Mama anasema dada yake yupo Uyole, nikilala gesti nitawaaibisha. Mchumba wangu kila siku anauliza, "Unakwenda kwa nani?" Nikijibu siendi kwa mtu, haamini. Nimefikiria niwaambie wote nimeitwa semina ya ushonaji. Unanishauri nini?
Mwenye Begi, Kihesa

Marahaba, mwanangu. Nenda. Ila hiyo semina ifute kichwani leo hii. Msichana aliye peke yake ugenini, kinga yake ya kwanza ni watu wanaojua alipo. Simu ikikwapuliwa pale Mwanjelwa kwenye msongamano, mama yako aanzie wapi kukutafuta? Atahangaika kuulizia semina isiyokuwepo.

Kazi kubwa ipo kwa mama mkubwa. Kwetu, ndugu akija mjini kwako akalala gesti, majirani wanaelewa mambo mawili: huna godoro, au nyumba yako ina maneno. Mama yako haogopi gesti. Anaogopa simu ya dada yake: "Kumbe mtoto alifika huku akalala kwa watu?" Basi mtangulie. Kabla hujakata tiketi, mpigie mama mkubwa wewe mwenyewe: "Nakuja kutembea. Usiku wa kwanza nalala kwako, mwingine nitakaa mjini." Basi likitoka Iringa linapita Uyole kabla ya kuingia mjini, kwa hiyo unashuka mlangoni kwake, tuseme. Fika na kikapu cha milulu na asali. Kula ugali wake, osha vyombo, sikiliza habari za nani kaolewa na nani kaachika. Sitashangaa asubuhi akikuelekeza gesti anayoijua, na binamu mmoja akakubebea begi.

Safiri asubuhi. Ni kilomita kama 330, utafika bado jua lipo. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, yapo yanayoshusha abiria saa ambazo stendi ina wapiga debe na bodaboda tu. Hayo waachie wanaopokelewa.

Gesti, omba kuona chumba kabla ya kutoa hela. Funga komeo kwa ndani, litikise. Tazama dirisha. Uliza nani anakaa mapokezi usiku. Kisha utasogezewa daftari kubwa, kalamu imefungwa kamba ili isiondoke na mteja: jina, kazi, utokako, uendako. Andika ukweli. Na mhudumu, au mpangaji wa chumba cha jirani, akikuuliza uko na nani, jibu kwa sauti: "Nina ndugu zangu Uyole." Umeona faida ya ule usiku mmoja?

Mji wenyewe usikutishe. Mbeya ilikua kwa dhahabu ya Lupa, kule Chunya, miaka ya 1920, na leo ni njia ya malori ya Zambia na Malawi. Imezoea wageni wenye begi kuliko mama yako anavyodhani. Mchana zunguka Sokomatola, kula ndizi, panda daladala hadi Tukuyu ukaone mashamba ya chai. Mlima Loleza unavutia kwa kuwa upo juu ya mji kabisa, lakini usiupande peke yako. Ziwa Ngozi vilevile: njia ni ya msituni, inateleza, chukua mwenyeji. Ukienda Juni au Julai beba koti zito, usijidanganye kwamba baridi ya Iringa imekukomaza.

Halafu nikuulize: Isimila umeshafika? Ipo kilomita kama 20 tu kutoka Iringa mjini, barabara hiyohiyo ya Mbeya, na watu wanatoka Ulaya kuja kuona zile nguzo za udongo na zana za mawe. Nenda Jumamosi moja peke yako. Ukirudi jioni unatamani tena, kata tiketi ya Mbeya. Ukirudi umechoka kuongea na nafsi yako, umeokoa hela.

Nimebakiza mchumba. Kuuliza mara moja si kosa, mtu akipenda huingiwa na wasiwasi. Mpe jina la gesti, mpigie kila jioni. Akiendelea na "kwa nani" baada ya hapo, mahari isipokelewe kwanza. Niandikie barua nyingine, na hiyo tusizungumzie begi.