Pumziko Si Mwisho wa Safari: Somo kwa Walioacha Dawa ya Kolesteroli

Somo la Maandiko: 1 Wafalme 19:1–8. Tafadhali lisome kwanza, ndipo uendelee na maneno haya.



Katika sharika zetu wako ndugu waliopewa na daktari vidonge vya kupunguza kolesteroli, yaani aina ya mafuta yaliyomo katika damu. Vidonge hivyo vina majina mengi, kama atovastatini, simvastatini na rosuvastatini, navyo vyote pamoja huitwa statini. Baadhi ya ndugu hao waliona maumivu ya misuli au udhaifu wa miguu, wakaviacha. Sasa wanauliza: Maumivu haya yataisha lini? Je, yakiisha, nimekwisha kupona, nisirudi tena kwa daktari? Maswali hayo hufika kwa mchungaji na kwa mwinjilisti kabla ya kufika hospitalini, na kwa hiyo yatupasa kuyajibu kwa akili na kwa upendo.

1. Dawa hii ni ya kazi gani

Kolesteroli yenyewe si sumu. Ini huitengeneza, na mwili huitumia. Lakini ile iitwayo LDL ikizidi, hujikusanya katika kuta za mishipa ya damu mwaka kwa mwaka, kama matope yajazavyo mfereji usiosafishwa. Mfereji ukizibika moyoni, mtu hupatwa na mshtuko wa moyo. Ukizibika kichwani, hupatwa na kiharusi. Tena jambo hili halina maumivu linapoanza. Mtu hulima, huimba kwaya, hula na kulala vizuri, naye hajui lililomo ndani yake.

Mtaalamu wa Ujapani, Akira Endo, aliigundua dawa ya kwanza ya jamii hii katika kuvu mwaka 1973. Mwaka 1987 statini iitwayo lovastatini iliruhusiwa kutumika Marekani. Mwaka 1994 zikatolewa habari za jaribio kubwa lililofanyika Sweden, Norway, Denmark, Finland na Iceland, nchi za Kilutheri ambazo baadhi yake zilituma wamisionari kwetu. Wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa mafungu mawili, karibu sawasawa. Fungu moja lilipewa simvastatini, fungu la pili kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano na zaidi, katika fungu lisilo na dawa walikufa watu 256. Katika fungu lenye dawa walikufa 182. Basi tusiseme kwamba dawa hii ni bure. Kwa wengi imekuwa tofauti ya kufa na kuishi.

2. Maumivu yake yatoka wapi

Walakini ni kweli kwamba dawa hii yaweza kuumiza misuli ya watu wengine. Maumivu huwa mapajani, katika vigimbi, kiunoni au mabegani, na kwa kawaida huwa pande zote mbili za mwili. Mara nyingi huanza katika wiki au miezi ya kwanza, au baada ya kipimo kuongezwa. Walio katika hatari zaidi ni wazee sana, watu wenye mwili mdogo, wenye ugonjwa wa figo au ini, na wale ambao tezi ya shingo yao haifanyi kazi ipasavyo. Tena dawa nyingine huizidisha nguvu statini mwilini: kama klarithromaisini, itrakonazoli ya fangasi, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hasa zile zenye ritonaviri. Kwa hiyo amwendeaye daktari asifiche dawa yo yote anayoitumia, hata ile anayoionea haya.

Liko na neno jingine la kutafakari. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya jaribio la London kwa watu 60 walioacha statini kwa ajili ya madhara waliyoyahisi. Kwa miezi kumi na miwili walipewa chupa kwa zamu: miezi minne yenye dawa, miezi minne yenye kidonge kisicho na dawa, na miezi minne chupa tupu. Kila siku waliandika hali yao. Ikaonekana kwamba walipomeza kidonge kisicho na dawa waliumwa karibu sawa na walipomeza dawa yenyewe; walipokuwa na chupa tupu walipata nafuu. Tena mwaka 2022 wataalamu walikusanya habari za majaribio mengi, wakaona kwamba katika kila watu 15 hivi waliolalamikia misuli wakiwa wanatumia statini, ni mmoja tu ambaye maumivu yake yalitokana na dawa.

Je, watu hao walisema uongo? La, hasha. Maumivu yao yalikuwa maumivu ya kweli. Bali mengine yalizaliwa na hofu, na mengine yalikuwa ya umri au ya kazi, yakahesabiwa kuwa ya dawa. Mtu akuambiaye kwamba miguu yake yauma, mwamini. Usilitumie neno hili kumcheka. Litumie kumpa tumaini kwamba huenda njia ya kurudi ipo.

3. Siku za kupona

Nabii Elia alipochoka hata kuomba afe, Mungu hakumkemea kwanza. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena. Vivyo hivyo mwili uliochoka wahitaji siku zake.

Kwa wengi maumivu ya statini hupungua katika wiki mbili hata nne baada ya kuacha. Kwa wengine huchukua hata miezi miwili. Katika siku hizo, ndugu, fanya hivi:

Kwanza, andika katika daftari tarehe uliyoacha, jina la dawa na kipimo chake, na kila wiki andika hali ya misuli yako. Daktari hawezi kuamua vema kwa maneno ya kubahatisha.

Pili, usilale kitandani mchana kutwa, wala usirudie jembe zito siku ya kwanza. Tembea polepole kwenye njia tambarare, ukiongeza kidogo kidogo.

Tatu, kunywa maji ya kutosha, ule maharage, mboga na matunda, na upunguze nyama yenye mafuta na vyakula vya kukaanga. Pombe iache, maana nayo huumiza misuli na ini.

Nne, usinunue ovyo vidonge vikali vya maumivu dukani. Baadhi yake huharibu figo na kupandisha presha.

Maumivu yakidumu kupita miezi miwili, yaelekea chanzo ni kingine. Daktari atapima tezi, upungufu wa vitamini D, au ugonjwa wa viungo. Kwa watu wachache sana mwili wenyewe huanza kuishambulia misuli yake, na ugonjwa huo huendelea hata dawa ikiisha kuachwa. Huo una matibabu yake, nao haufai kungojewa nyumbani.

Zishikeni sana dalili hizi: mkojo wenye rangi ya chai nyeusi, udhaifu hata mtu ashindwe kuinuka kitini, au macho kuwa ya manjano. Mtu huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Jambo hili hutokea mara chache mno, lakini laweza kuua figo na mtu pia.

4. Hatari ya pumziko

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Malaika alimwamsha Elia mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa bado. Chakula kile hakikuwa cha kumkalisha chini ya mti. Kilikuwa cha kumfikisha Horebu, mwendo wa siku 40.

Vivyo hivyo dawa ikiachwa, maumivu huondoka, na mtu husema, Nimepona. Lakini amepona nini? Amepona madhara ya dawa. Hakupona ugonjwa ambao dawa ililetwa kuuzuia. Katika wiki chache kolesteroli hurudi ilipokuwa, nayo hurudi kimya, bila kugonga mlango. Maumivu ya mguu husema kila asubuhi. Hatari ya moyo haisemi mpaka siku yake. Kwa sababu hiyo mtu huogopa lile linalosema, akasahau lile linalonyamaza.

Yatupasa kujua kwamba daktari anazo njia nyingi. Aweza kupunguza kipimo. Aweza kubadili statini moja kwa nyingine, maana aliyeshindwa na moja mara nyingi huiweza nyingine. Aweza kutoa rosuvastatini kwa siku za kupokezana. Aweza kutumia dawa isiyo statini, kama ezetimibu. Katika wale 60 wa London, nusu yao walikuwa wamerudia statini miezi sita baada ya jaribio kwisha. Na kama mtu hajapata kuugua moyo wala kiharusi, daktari aweza kupima naye upya kama dawa inamfaa kweli. Bali aliyekwisha kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi, na mwenye kisukari, asiache kwa shauri lake mwenyewe. Na kama ameacha, asingoje miezi. Aende wiki hii.

5. Neno kwa wainjilisti na wazee wa kanisa

Kwanza, sisi si madaktari. Usimwambie mtu, Acha. Wala usimwambie, Endelea tu. Mwambie, Twende pamoja. Wengine hawarudi kwa sababu wanamwogopa daktari waliyemwasi. Ukienda naye, umemchukulia nusu ya mzigo.

Pili, msiruhusu kuacha dawa kuhesabiwe kuwa ushuhuda wa imani, wala kuitumia kuhesabiwe kuwa upungufu wa imani. Mfalme Hezekia aliomba, na Mungu akasikia ombi lake. Hata hivyo tini ziliwekwa juu ya jipu lake, naye akapona (2 Wafalme 20:1–7). Sala na dawa havikugombana katika nyumba ile.

Tatu, jihadharini na wauzao unga na maji ya kusafisha mishipa, wakingoja mtu aliyechoshwa na vidonge. Mtu akiwa katika maumivu huuza mbuzi wake kwa neno tamu.

Nne, ulizeni kwa upole kama sababu ya kuacha ni fedha. Mtu huona haya kusema hana ya kununulia dawa, akasema inamwumiza. Usharika ukijua hilo, ushike wajibu wake.

Maswali ya kuzungumza nyumba kwa nyumba

1. Mungu alimfanyia Elia mambo gani kabla ya kumtuma tena? Twajifunza nini juu ya kumhudumia aliyechoka?
2. Kuna tofauti gani kati ya kupona madhara ya dawa na kupona ugonjwa wenyewe?
3. Taja dalili tatu zinazompasa mtu kwenda hospitali siku ile ile.
4. Je, yuko mtu katika mtaa wetu aliyeacha dawa kimya kimya? Nani atakwenda kwake, na lini?

Bwana aliyemwamsha mtumishi wake jangwani awape wagonjwa wetu pumziko jema, na baada ya pumziko awape nguvu za kuinuka. Amina.