Kompyuta Ikikuambia Ina Virusi, Uliza Kwanza Ujumbe Umetoka Wapi

Matokeo ya mitihani yakitangazwa, hapa Kiloleli simu za majirani huniandama. Tovuti ya baraza la mitihani, NECTA, inaelemewa, mtu anatafuta matokeo kwingine, anaangukia tovuti ya ajabu inayomwambia abonyeze "Allow" ili aendelee. Anabonyeza. Kesho yake kona ya skrini inaanza kumtisha: kompyuta yako ina virusi 13, lipia ulinzi sasa, la sivyo mafaili yote yanapotea.

"Kaka, au nipige Windows upya tu?" ananiuliza.

Hapana, tulia kwanza. Kupiga Windows upya kwa ajili ya tangazo ni kuchoma nyumba ili kumfukuza panya. Mara nyingi virusi hata havipo. Kabla ya kugusa chochote, mimi hutafuta jambo moja: ujumbe umetoka wapi? Dawa inategemea jibu hilo.

Umetoka kwenye ukurasa wa intaneti

Huu hujaza skrini nzima, hupiga king'ora na kuweka namba ya simu ya "mafundi wa Microsoft". Usipige. Microsoft wenyewe wanasema ujumbe wao halisi wa hitilafu hauwekwi namba ya simu. Wala usibonyeze alama ya X iliyochorwa ndani ya ukurasa, maana nayo inaweza kuwa mtego. Shikilia Esc kwa muda, au bonyeza F11, skrini irudi kawaida, kisha funga ukurasa. Ukurasa ukigoma kufungwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua Chrome au kivinjari unachotumia, halafu "End task". Ukifungua tena, kikikuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa.

Umetoka kwenye kona ya chini, karibu na saa

Hapa ndipo wengi hudhani Windows ndiyo inayosema. Usome vizuri: kwenye kijisanduku hicho kuna jina la kivinjari, na kwa maandishi madogo anwani ya tovuti iliyotuma. Kwenye Chrome ingia Settings, kisha Privacy and security, Site settings, Notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa kila usiyoijua. Kelele zinakatika hapohapo, bila fundi na bila shilingi.

Umetoka kwenye programu iliyomo ndani ya kompyuta

Hii ndiyo kazi yenyewe. Programu hujifungua kila ukiwasha, "inakagua" mashine kwa sekunde chache, inaorodhesha virusi kibao, kisha inadai malipo. Nyingi nilizokutana nazo zimeingia pamoja na programu za kulipia zilizochakachuliwa ili zitumike bure.

Zima kwanza hotspoti ya simu. Ingia Settings, Apps, panga programu kwa tarehe, ondoa zilizoingia siku matatizo yalipoanza. Programu ikikataa kuondoka, shikilia Shift huku ukibofya Restart, chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart tena. Ikija orodha ya namba, bonyeza 4. Windows itawaka na vitu vya lazima tu, na mara nyingi programu hiyo inakosa nguvu ya kujitetea. Iondoe, washa kawaida, halafu fungua Windows Security, sehemu ya virusi, Scan options, uchague Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kujikagua kabla Windows haijawaka, kwa hiyo hifadhi kazi zako kwanza.

Na kama mtu alishalipa? Kama alitumia kadi, pigia benki waifunge leo. Kama alimruhusu mtu kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, badilisha nywila za barua pepe na benki kwa kutumia kifaa kingine, kisha nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa udanganyifu wa namna hii.

Usione aibu. Mwaka 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwapeleka mahakamani wauzaji wa WinFixer, WinAntivirus na XP Antivirus, ikisema wamewalaghai watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 2012 mahakama ikaamuru zaidi ya dola milioni 163 zilipwe. Biashara hiyo inaendeshwa na hofu, na hofu haichagui msomi.

Kinga ya huku kwetu

Windows 10 na 11 zinakuja na Defender bure. Antivirusi ya kununua si lazima. Ila programu zilizochakachuliwa huweza kuizima kimyakimya, kwa hiyo hakikisha haijazimwa. Tatizo letu kubwa ni bando: Defender isiyopata taarifa mpya inapitwa na virusi vipya. Ninachofanya, nikiwa Nyashimo au Lamadi penye mtandao mzuri, napakua faili la Microsoft lenye taarifa hizo mpya, liitwalo mpam-fe.exe, naliweka kwenye flashi, nalifungua kwenye kila kompyuta ya jirani. Flashi ikirudi kutoka steshenari, kabla sijaifungua nabofya kitufe cha kulia cha mausi, nachagua "Scan with Microsoft Defender".