Kumaliza Kazi ya Ualimu Ugenini: Makabidhiano ya Darasa na Marejeo Nyumbani

Utangulizi

Katika vyuo vyetu mwalimu mwanafunzi hujifunza kwa urefu namna ya kuanza kazi: kutayarisha azimio la kazi, kuandika andalio la somo, kujitambulisha kwa wanafunzi na kulimudu darasa. Namna ya kumaliza kazi haipewi nafasi kubwa, kana kwamba kila mwalimu huanza mahali pamoja na kubaki hapo mpaka astaafu. Lakini wako walimu wengi wanaofundisha kwa muda, na baadhi yao hufanya hivyo katika nchi za kigeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu mgeni hupewa jembe siku ya kwanza; kwa hiyo aondokapo huacha shamba ambalo halijakwisha kulimwa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ya kulikabidhi shamba hilo, na jinsi ya kuitumia nyumbani faida iliyopatikana huko.

1. Mwalimu wa muda

Afrika Mashariki inawafahamu walimu wa muda tangu zamani. Kuanzia mwaka 1961 walimu vijana wa Kimarekani waliletwa na mpango ulioongozwa na chuo cha ualimu cha Columbia University, New York, wakafundisha katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika, kisha wengi wakarejea kwao. Safari za upande wa pili zipo pia. Kupitia mpango wa Fulbright, walimu vijana kutoka nchi zetu wamekwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi tisa hivi, huku wao wenyewe wakihudhuria masomo. Sharti moja la mpango huo ni kwamba muda ukiisha mwalimu arudi kwao. Mfano huu wa mwalimu wa Kiswahili aliyeko Marekani ndio tutakaoutumia zaidi.

2. Makabidhiano hayangoji juma la mwisho

Tarehe 15 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, shirika la Peace Corps la Marekani lilitangaza kwamba linawaondoa wafanyakazi wake wote wa kujitolea waliokuwa katika nchi zipatazo 60. Watu karibu 7,000, wengi wao walimu, waliondoka kwa haraka. Tukio hilo linatufundisha jambo moja: mwalimu hawezi kuwa na hakika kwamba atapewa siku za kuandika kumbukumbu zake kwa utulivu. Ugonjwa, msiba au amri ya serikali yaweza kumwondoa kesho. Kwa hiyo kumbukumbu za makabidhiano ziandikwe kila juma, tangu juma la kwanza. Kazi ya majuma ya mwisho ni kuzipanga tu.

3. Mambo ya kukabidhi

(a) Yaliyofundishwa na yaliyoeleweka. Haya ni mambo mawili, wala si moja. Tuseme shajara ya somo inaonyesha kwamba mada ya saa imekwisha. Mwalimu ajaye atadhani kuwa wanafunzi wanajua kutaja saa. Huenda ukweli ni kwamba wanaweza kusema "saa tatu" wakionyeshwa picha ya saa, lakini wakiambiwa waje saa tatu asubuhi watafika alfajiri, kwa kuwa hawajazoea kwamba saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo, na kwamba saa tatu yetu ndiyo saa tisa kwao. Maelezo bora ni haya: "Wanataja saa kamili. Hawajaweza kugeuza saa zao kuwa za Kiswahili. Robo na nusu bado." Sentensi tatu kama hizi zina manufaa kuliko neno "imekwisha" likiandikwa mara kumi.

(b) Msamiati uliotumika. Mwalimu wa kwanza akiwa Mtanzania na wa pili Mkenya, wanafunzi waliozoea "shule ya sekondari" watasikia "shule ya upili," na waliozoea "kifungua kinywa" watasikia "kiamsha kinywa." Maneno yote hayo ni Kiswahili. Lakini mwanafunzi mgeni asipoelezwa hudhani kwamba mwalimu mmoja amekosea. Mwalimu anayeondoka aache orodha fupi ya maneno ya namna hiyo.

(c) Zana. Kadi za ngeli, picha na kanda za sauti ziachwe pamoja na maelezo ya matumizi yake. Rundo la kadi zisizo na maelezo ni karatasi tu.

(d) Wanafunzi mmoja mmoja. Iandikwe nani hujibu upesi, nani anajua lakini huona haya, nani anahitaji kuketi mbele. Yaandikwe yale tu yatakayomsaidia mwanafunzi. Siri za nyumbani kwake na hasira za mwalimu hazina nafasi katika daftari hilo.

4. Mpango wa majuma sita ya mwisho

Juma la kwanza na la pili: mwalimu asianze mada mpya kubwa. Apime, kwa mazungumzo mafupi na kila mwanafunzi, mambo ambayo wanafunzi wanayaweza.

Juma la tatu na la nne: afundishe upya yale yaliyoonekana dhaifu. Mara nyingi katika darasa la wanafunzi wa Kimarekani udhaifu huo ni upatanisho wa ngeli. Mwanafunzi husema "kitabu yangu" kwa sababu lugha yake haigeuzi neno la kumiliki kwa kufuata jina. Kueleza kanuni peke yake hakutoshi. Mwalimu ashike vitu halisi: kitabu changu, vitabu vyangu, mti wangu, miti yangu. Wanafunzi waviguse, waulizane na kujibizana mpaka ulimi uzoee.

Juma la tano: wanafunzi wawili wawili waongoze sehemu fupi za somo wenyewe. Hivyo darasa huzoea kuendelea bila kumtegemea mtu mmoja.

Juma la sita: kumbukumbu zikabidhiwe kwa mkono, zisomwe pamoja na mkuu wa idara au mwalimu ajaye ikiwa amekwisha kupatikana. Vitabu vya maktaba na funguo virudishwe, na orodha itiwe sahihi na pande zote mbili.

5. Kuagana na wanafunzi

Wanafunzi waambiwe mapema tarehe ya kuondoka kwa mwalimu wao. Hasa watoto wadogo, wasipoambiwa, huweza kudhani kwamba mwalimu ameondoka kwa sababu ya utundu wao. Mwalimu asiahidi asiloweza kutimiza. Kusema "Nitawaandikia kila juma" ni rahisi siku ya kuagana. Kutimiza ni vigumu. Afadhali aahidi barua moja na kuiandika. Tena amsifu mbele ya darasa mwalimu atakayefuata, ili wanafunzi wasimpime mgeni huyo kwa kipimo cha aliyeondoka.

6. Marejeo nyumbani

Mwaka wa masomo wa Marekani humalizika kwa kawaida Mei au Juni, hali mwaka wetu wa shule Tanzania huanza Januari na kumalizika Desemba. Basi mwalimu arejeaye hukuta darasa katikati ya safari, likiwa na mwalimu wake na azimio lake. Inampasa aombe kumbukumbu na kuzisoma kabla ya kushika chaki. Hapo ataonja mwenyewe faida ya kumbukumbu nzuri au hasara ya kuzikosa.

Jambo kubwa zaidi ni ujuzi anaorudi nao. Huenda akasikitika kwamba shuleni kwake hakuna mashine alizozitumia ugenini, wala darasa la watu kumi na watano. Masikitiko hayo hayajengi. Amejifunza kitu kisichohitaji umeme, nacho ni kufundisha Kiswahili kwa mtu ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Watoto wetu wengi wa Darasa la Kwanza wako katika hali hiyohiyo. Mtoto wa Simanjiro aliyekulia katika Kimasai, au mtoto wa Mbulu aliyekulia katika Kiiraqw, hana lugha ya Kibantu nyumbani kwake. Ngeli zetu ni ngeni kwake kama zilivyo kwa kijana wa Chicago. Mtoto wa Kisukuma ana ngeli katika lugha yake, hivyo huvuka mto huo kwa wepesi zaidi.

Mtoto wa Simanjiro asemapo "kitabu yangu," mara nyingi huchekwa au huhesabiwa kuwa mzito wa akili. Kijana wa Chicago asemapo neno hilohilo, husahihishwa kwa upole na kupongezwa kwa kujaribu. Kosa ni moja. Tofauti iko katika macho ya mwalimu. Mwalimu aliyerudi ana wajibu wa kumpa mtoto wa kwetu subira ileile aliyompa mgeni, pamoja na mbinu zilezile: kusikiliza kabla ya kusema, kusema kabla ya kuandika, vitu halisi mkononi, na maswali mafupi ya wawili wawili, ambayo hata darasa la watoto sabini laweza kuyafanya kwa zamu.

Hitimisho

Tumeona kwamba kumaliza kazi ni sehemu ya kufundisha. Mwalimu aachaye kumbukumbu za kweli huendelea kuwasaidia wanafunzi hata akiwa mbali, na mwalimu arudiye na subira ya ugenini huleta nyumbani mali isiyolipiwa ushuru.

Maswali ya kujadili

1. Chukua mada moja uliyoifundisha katika mazoezi ya kufundisha. Andika sentensi tatu zinazoonyesha yale ambayo wanafunzi wanayaweza na yale wasiyoyaweza bado.
2. Tayarisha andalio la somo la dakika 30 la kufundisha upatanisho wa ngeli ya KI-VI kwa darasa la watoto wasiozungumza lugha ya Kibantu nyumbani.
3. Je, ni mambo gani kuhusu mwanafunzi yasiyofaa kuandikwa katika kumbukumbu za makabidhiano? Toa sababu.